Mfokaji Asiyefoka

Kaka zetu wa miaka ya 1990, redio zilipoanza kupiga rap hapa mjini, waliutafutia muziki ule jina la Kiswahili, wakauita muziki wa kufokafoka. Jina lilifaa. Sufuria ya uji hufoka ikizidiwa moto, na mtu mzima humfokea mtoto akimuudhi. Basi na yule kijana mwenye maiki naye alisimama jukwaani akafoka: kawafokea wakubwa, kawafokea polisi, kawafokea wapinzani wake wa mtaa wa pili. Mpaka leo ukikaa kijiweni na washikaji utasikia sifa ni zilezile. Fulani anatisha, fulani anaua, fulani kawachana wenzake jana usiku mpaka wamekimbia. Asiyetisha hana jina.

Ndugu msomaji, leo nataka nikusimulie habari za albamu moja ya rap ambayo haimfokei mtu. Inaitwa Speech Therapy. Ilitoka Uingereza mwaka 2009, ikiwa ni albamu ya kwanza ya dada mmoja anayejiita Speech Debelle. Jina lake la nyumbani ni Corynne Elliot. Alizaliwa London mwaka 1983 katika familia yenye asili ya Jamaika, akalelewa na mama yake upande wa kusini wa jiji hilo. Baba hakuwepo. Alipofika miaka 19 akaondoka kwa mama yake, akaishi miaka kadhaa kwenye hosteli za watu wasio na makazi, na mengi utakayoyasikia humo ndani yametoka huko.

Hebu tulitazame jina kwanza. Speech therapy ni tiba anayopewa mtu mwenye tatizo la kusema, kwa mfano mwenye kigugumizi, au mzee aliyepatwa na kiharusi ulimi ukawa mzito. Dada huyu kalichukua jina lake la kazi akaliunga na tiba hiyo. Yaani mgonjwa ni yeye mwenyewe, na dawa ni kusema.

Mimi iliponifikia ilikuwa imeshazeeka. Ilipotoka nilikuwa darasa la pili, nikijifunza hesabu za kuazima. Niliipata miaka mingi baadaye kwenye flashi ya binamu yangu anayeuza simu Kariakoo, ikiwa imechanganyika na mahubiri, singeli na picha za harusi ya mtu nisiyemjua. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha sekondari ya kata, na Kiingereza cha London ya kusini kinameza herufi kama kuku anavyomeza punje. Nilikaa na kamusi na daftari wiki nzima. Binamu akanicheka, akasema ngoma yenyewe haichezeki, sasa nasikiliza nini? Nikamwambia nasikiliza mtu anavyoongea.

Si kwamba yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Uingereza kushika maiki, la hasha. Monie Love wa London alisikika kwenye wimbo Ladies First wa Queen Latifah mwaka 1989, na mwaka uliofuata akatoa albamu yake ya kwanza, Down to Earth. Ms. Dynamite alitoa A Little Deeper mwaka 2002 na mwaka huohuo akachukua tuzo ya Mercury, ambayo tangu mwaka 1992 hutolewa kwa albamu bora ya Uingereza na Ireland. Hao ni wakali, nami nawavulia kofia. Ms. Dynamite aliwasuta marapa wenzake kwa kujisifia mali, na alisuta kweli. Lakini ukimsikiliza unamwona kasimama mbele ya umati. Speech Debelle unamwona kakaa ukingoni mwa kitanda.

Muziki wenyewe umemsaidia kukaa hivyo. Mtayarishaji mkuu ni Wayne Lotek, na sehemu ya kazi ilirekodiwa mbali kabisa, huko Australia. Badala ya mashine nzito za kutikisa madirisha utasikia gitaa lisilo la umeme, utasikia lile besi kubwa la mbao linalosimamishwa chini na kuchezwa kwa vidole, utasikia ala za kupuliza na za nyuzi, na ngoma zinazopigwa kwa upole. Sauti yake nyembamba, karibu ya binti wa shule. Wachambuzi wengi walimlinganisha na Tracy Chapman, na wewe uliyewahi kupanda daladala usiku dereva akiwa na kanda za zamani unaelewa wanamaanisha nini. Wageni walioalikwa ni wachache: Roots Manuva, ambaye ni mkubwa wa rap ya London, kwenye Wheels in Motion, na Micachu kwenye Better Days. Hata hao wamekuja kimyakimya, kama watu wanaoingia kumwona mgonjwa.

Naishi chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita, ukuta haufiki juu. Jirani akikohoa namwambia pole. Mtu aliyekulia nyumba kama hii anajua kwamba mambo madogo ndiyo yanayosemwa kwa kelele: nani kaacha bomba wazi, nani kachukua ndoo ya nani. Mambo makubwa husemwa kwa sauti ya chini, saa za usiku, watu wakidhani watoto wamelala. Ndiyo maana albamu hii ilinishika. Kwa mara ya kwanza nilisikia rap inayoongea kama watu wanavyoongea nyuma ya ukuta usiofika juu.

Na anaongea nini? Wimbo unaoifungua, Searching, unatuweka hosteli usiku, njaa inauma, akili haitulii. Go Then, Bye ni mambo ya kuachana na mpenzi. Working Weak ni jina la mchezo wa maneno, kwani kwa Kiingereza wiki ya kazi na udhaifu hutamkwa sawasawa, na kila aliyewahi kusimama dukani kwa Mhindi au kubeba zege kuanzia Jumatatu anajua wiki inavyokula nguvu. Halafu upo wimbo uitwao Daddy's Little Girl, binti mdogo wa baba. Hapo ndipo niliposimama, na hapo ndipo nataka nisimame na wewe.

Kabla sijafika huko niseme kidogo juu yetu. Sisi watu wa pwani tuna utaalamu wetu wa kusema bila kusema. Mwanamke huvaa khanga yenye maneno yake, akapita taratibu mbele ya mlango wa mwenzake. Taarabu ikifika ubeti fulani mtu huinuka kwenda kutunza, na kila aliyemo ukumbini anajua noti ile inamlenga nani. Ni sanaa kubwa, wala sina ugomvi nayo, bibi yangu alikuwa fundi wake. Ila nimegundua kwamba fumbo linafaa sana kumchoma mtu usiyempenda. Sasa niambie, yule unayemchukia na kumpenda kwa pumzi moja utamvalia khanga gani? Jina la khanga ni moja tu, haligeuki nyuma kusema kinyume chake.

Sasa niseme la kwangu. Naandika riwaya. Naiandika kwa mkono kwenye kauntabuku, sasa niko kwenye la tatu. Sura ya saba inamhusu baba anayeaga kwamba anakwenda Mererani kutafuta maisha kwenye machimbo, anaacha elfu tano juu ya redio, harudi. Msomaji mwerevu atakuwa ameshajua nimeitoa wapi. Mzee wangu aliondoka nikiwa darasa la tano. Hakufa, maana kila baada ya mwaka au miaka miwili mtu huleta habari kuwa kaonekana mahali. Hajarudi tu.

Shangazi yangu, dada yake mzee, ndiye aliyebeba mzigo. Sare, madaftari, nauli ya miaka minne ya sekondari, vyote vilitoka kwenye genge lake la vitenge. Mwaka juzi alikuja kututembelea akalikuta kauntabuku juu ya meza, akavaa miwani, akasoma sura ile mpaka mwisho bila kunyanyua uso. Alipomaliza alilifunga taratibu, akasema, "Mwanangu, unamvua nguo kaka yangu sokoni."

Sikumjibu. Ningemjibu nini mtu aliyeninunulia viatu vya shule? Nawe ndugu mwandishi mwenzangu unayesoma ukurasa huu, najua umeshakutana na shangazi wa namna hii, hata kama kwako ni mjomba au ni mchungaji. Tunaambiwa tuandike tunayoyajua. Tunayoyajua ni nyumba zetu. Nyumba zetu zina wenyewe, nao wana aibu zao, na aliyekulisha ana haki ya kukuuliza unamtendea nini. Haki ile siidharau. Wanaosema kuwa msanii hamjali mtu wamelelewa na nani?

Ndipo nikaurudia ule wimbo wa Daddy's Little Girl, safari hii nikiwa na swali la shangazi kichwani. Je, huyu dada naye kamvua nguo baba yake? Albamu iliuzwa madukani, ikapigwa redioni, mzee wa watu popote alipo angeweza kuisikia kwenye gari la rafiki yake. Mbona mimi msikilizaji simcheki yule mzee?

Nilisikiliza mara nyingi mpaka nikaliona jambo lenyewe, nalo ni dogo kama punje. Hamsemi baba yake. Anamwambia. Wimbo mzima unamwelekea yeye, ni "wewe" mwanzo mpaka mwisho, na ndani ya "wewe" ile hasira na upendo vimekaa kiti kimoja vinasukumana. Sisi wasikilizaji hatukuitwa tuje tuhukumu. Tumesikia tu kwa sababu ukuta haufiki juu.

Kwa Kiswahili tofauti hii tunaijua vizuri sana, tuliisahau tu tulipoanza kuandika. Kumsema mtu ni kitu kimoja, kumwambia ni kingine. Ukimsema, unamtoa nje unamweka mbele za watu. Ukimwambia, hata kama hayupo, umemvutia kiti akae. Anaweza kukujibu. Anaweza hata kuwa na sababu zake, na wewe unayesema inakubidi useme kwa namna ambayo ungethubutu kuirudia macho yake yakikutazama. Huwezi kuongeza chumvi, kwa sababu mwenye habari yupo. Huwezi kuficha kwamba ulimpenda, kwa sababu anajua.

Basi nikachukua kauntabuku, nikaiandika sura ya saba upya. Kila palipokuwa na "yule mzee" nikaweka "wewe". Ilinichukua miezi miwili. Mambo mengi ya ukali yaliyokuwa matamu kwenye kalamu yalianguka yenyewe, maana ukimwelekezea mtu unayaona ni porojo. Na mambo mengine ambayo sikuwa nimeyaandika yakaja: jinsi alivyokuwa akinibeba begani kwenda kutazama mpira, jinsi alivyokuwa hajui kupiga mluzi akijifanya anajua.

Jioni moja bi mkubwa alikuwa anachambua mchele uani, umeme umekatika, nami nina simu yenye chaji kidogo. Nikampigia ule wimbo, nikawa namtafsiria mstari kwa mstari kwa Kiswahili cha nyumbani. Hakusema kitu. Ulipokwisha akauliza, "Baba yake aliusikia?" Nikasema sijui. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Baadaye akasema, "Andika. Ila na mimi uniandike nilivyokuwa nacheka. Usiniandike nalia tu, mimi nilicheka sana siku zile."

Hilo nalo nililikuta kwenye Speech Therapy nilipolitafuta. Pamoja na hosteli na njaa, mna nyimbo nyepesi ndani yake. Spinnin' ina uchangamfu wa asubuhi ya Jumamosi, na mwaka 2012 ilirekodiwa upya na wasanii wengine, Tinchy Stryder na Dionne Bromfield, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya London. Mtu aliyelala njaa ana siku zake za kucheka pia, na anayeandika machozi peke yake kamnyima sehemu ya mali yake.

Sasa tuje kwenye tuzo, kwa kuwa vijana wa kalamu tunapenda sana tuzo. Tarehe 8 Septemba 2009 albamu hii ilishinda Mercury. Kulikuwa na albamu 12 zinazogombea, zikiwemo za Florence and the Machine, Kasabian na La Roux, watu ambao nyimbo zao zilikuwa zinapigwa kila kona. Zawadi ilikuwa pauni 20,000. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba hadi usiku ule Speech Therapy ilikuwa imeuza nakala zipatazo 3,000 tu. Baada ya ushindi mauzo yalipanda, lakini si kwa kiasi ambacho washindi wengine wamezoea, na magazeti yaleyale yakageuka kumfanya mfano wa tuzo isiyosaidia kitu. Kabla mwaka haujaisha alitangaza kuachana na kampuni yake, Big Dada. Baadaye walipatana, maana albamu yake ya pili, Freedom of Speech, ilitolewa na Big Dada hiyohiyo mwaka 2012. Ya tatu ikaja mwaka 2017.

Wapo watakaosoma habari hii wakasema, unaona, sanaa hailipi. Hailipi sana, nakubali, na mwenye kodi ya nyumba mwisho wa mwezi asidanganywe. Lakini tazama hesabu nyingine. Mwaka 2022 tuzo ileile ya Mercury ilikwenda kwa Little Simz, binti mwingine wa London, mzaliwa wa wazazi wa Kinaijeria, kwa albamu yake ya nne. Ndani yake umo wimbo anaozungumza na baba yake aliyekuwa mbali, na jina la wimbo huo linasema nakupenda, nakuchukia. Simaanishi kwamba mmoja kamfundisha mwingine, wala sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba mabinti wawili wa mji mmoja wamekaa mbele ya kiti kitupu cha baba wakazungumza nacho, na mara zote mbili nchi ilinyamaza ikasikiliza.

Kabla sijaweka kalamu chini, upo wimbo mmoja karibu na mwisho wa albamu ambao nawausia waandishi wenzangu. Unaitwa Finish This Album. Jina linajieleza: ni mtu yuko katikati ya kazi, anataka aimalize. Nilipouona nilishangaa kwamba mtu anaweza kuiweka shida ya kumaliza kazi ndani ya kazi yenyewe. Wengi wetu tuna sura tatu kabatini. Tuna mianzo mizuri ya kuwasomea washikaji kijiweni, wakasema noma sana, mwanangu unajua, tukaridhika na sifa ile, kauntabuku likarudi chini ya godoro. Yeye alibeba maneno yake miaka ya hosteli, miaka ambayo hapakuwa na mtu anayemngoja, akayafikisha mpaka wimbo wa mwisho.

Mimi bado sijamaliza. Nimefika sura ya kumi na moja. Ile ya saba nimeinakili kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi za foolscap, nikampelekea shangazi gengeni kwake ndani ya bahasha ya kaki. Aliipokea, akaiweka chini ya mto wa kiti anachokalia, akanikatia kitenge cha mama. Ni wiki ya tano sasa na hajasema lolote, nami sijamuuliza. Sura ya kumi na mbili naianza Jumatatu.